Duara la Penseli Darini: Kisa cha Uvujaji Mmoja na Kazi ya Kusimamia Majengo

Kisa hiki kilichukua wiki 9. Kilianza siku mpangaji alipopiga simu kusema kuna doa kwenye dari ya korido yake, kikaishia usiku ambao dari hiyo ilianguka. Wakati huo nilikuwa afisa wa majengo katika kampuni inayosimamia nyumba za kupangisha kwa niaba ya wenye nyumba. Jengo lilikuwa chini yangu, simu niliipokea mimi, na faili la jengo lile lina jina langu karibu kila ukurasa.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa lilikuwa la mtu mmoja. Siku nyingine nilimlaumu mwenye nyumba, siku nyingine bosi wangu, na usiku mara nyingi nilijilaumu mimi. Baadaye nilikaa na karatasi zote mezani, nikazipanga tarehe kwa tarehe. Nikaona kwamba kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha habari, na aliyekuwa na habari nyingi kuliko wote ndiye aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote wa kuamua.

Kazi yenyewe

Mwenye nyumba asiye na nafasi ya kufuatilia kodi, mafundi na malalamiko huingia mkataba wa usimamizi na kampuni. Kampuni inakusanya kodi, inakata asilimia yake kama ada, inalipa mafundi, na salio linakwenda kwa mwenye nyumba pamoja na taarifa ya mwezi. Mpangaji, ambaye ndiye anayelala ndani ya nyumba hiyo, kwa kawaida hana mkataba na kampuni. Mkataba wake ni na mwenye nyumba, hata kama sahihi iliyo chini ni ya wakala.

Ada ikiwa ni asilimia ya kodi, kampuni hupata kitu kodi inapoingia. Bomba likizibwa vizuri haiongezewi chochote. Huo ni mpango wa kawaida katika biashara hii, na una faida yake, maana kampuni inajitahidi nyumba zisikae tupu. Lakini ndio unaoamua kitu gani kitatazamwa kila asubuhi. Ofisini kwetu orodha ya wadaiwa ilitoka kila siku kabla hatujakaa vizuri kwenye viti. Orodha ya matengenezo ilijadiliwa Jumatatu, mwishoni mwa kikao, watu wakiwa tayari wamekusanya daftari zao.

Mkataba ulikuwa pia na kiwango cha matumizi, yaani kiasi ambacho kampuni ingeweza kutumia kwa tengenezo moja bila kumwomba ruhusa mwenye nyumba. Kiwango cha jengo lile kiliwekwa miaka mingi kabla sijaajiriwa na hakikuwahi kupandishwa. Kilitosha kumwita fundi, kubadilisha koki, kuweka kioo cha dirisha. Kuvunja sakafu ya bafu hakikutosha hata nusu.

Simu ya kwanza

Aliyepiga simu alikuwa mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, aliyeishi na mjukuu wake. Ofisini wote tulimwita Mama. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kueleza jambo mara moja likaeleweka.

“Mwanangu, kuna doa darini, nje ya mlango wa bafu. Ukubwa wa sahani. Jana halikuwepo.”

Nikaandika ombi la matengenezo kwenye programu, nikampa namba yake, nikaahidi kufika Alhamisi.

Nilifika na fundi bomba. Siku hiyo nilifanya jambo moja sahihi, nililofundishwa na afisa aliyenitangulia. Nilipanda ngazi, nikauzungushia ukingo wa doa mstari wa penseli, nikaandika tarehe pembeni. Doa likivuka mstari, maji bado yanaingia. Likibaki ndani ya mstari, linakauka. Ni kipimo kisicho na gharama, na hakuna mtu anayeweza kubishana nacho.

Tukapanda ghorofa ya nne. Fundi alifunga koki zote za nyumba ile, tukaitazama mita kwa dakika 15. Haikusogea. Bomba la maji safi lina presha saa zote. Likitoboka huvuja usiku na mchana, na mita huzunguka hata kama hakuna anayetumia maji. Mita ikitulia, shaka huhamia kwenye maji yaliyokwisha kutumika: kiungo cha bomba la maji machafu chini ya sakafu, au sakafu yenyewe inayopitisha maji mtu anapooga. Uvujaji wa namna hii ndio unaodanganya watu. Hutokea asubuhi na usiku, wakati wa kuoga. Ukifika saa nane mchana, wenyewe wako kazini, bafu ni kavu, na dari iliyo chini yake inaonekana kama inapona.

Kipimo kinachofuata kinajulikana na kila fundi. Unamwaga maji yenye rangi kwenye sakafu ya bafu, unasubiri saa kadhaa, unatazama kama rangi itajitokeza chini. Kinataka mpangaji wa juu akubali, fundi arudi, na mtu akae akisubiri. Sisi tulikuwa na nyumba nyingine 4 za kupitia siku hiyo. Fundi akaona silikoni iliyopasuka kati ya vigae na ukuta, akaikwangua, akaweka mpya. Sababu hiyo iliwezekana, ilikuwa nafuu, na ilikuwa ndani ya kiwango. Nikaikubali.

Jumatatu nikafunga ombi lile kwenye programu kwa neno moja: “Limekamilika.”

Jinsi wiki 9 zilivyogeuka siku chache chache

Neno hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote niliyowahi kuandika katika kazi ile, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Programu yetu ilihesabu siku za kila ombi. Likipita siku 5 bila kufungwa, mstari wake uligeuka mwekundu, na mistari myekundu ndiyo iliyosomwa mbele ya watu kikaoni. Hakuna aliyeniambia nifunge maombi ambayo hayajaisha. Hakukuwa na haja ya kuniambia. Kila mtu pale alijua namna ya kuufanya ukurasa wake uwe safi kufikia Jumatatu, nami nilijifunza kwa kutazama wenzangu, kama walivyojifunza wao.

Siku 9 baada ya fundi kuondoka, Mama akapiga tena. Doa limevuka mstari. Kwa kuwa ombi la kwanza lilikuwa limefungwa, programu haikukubali kulifungua. Ilinitaka nianze jipya. Nikaanza. Fundi akarudi, safari hii akaziba nafasi kati ya vigae. Nikafunga. Wiki 2 baadaye likaja ombi la tatu, kisha la nne.

Sasa fikiria bosi anayesoma ripoti. Anaona maombi 4 ya jengo moja, kila moja limeshughulikiwa ndani ya siku 4 au 5. Kwa macho yake huyo ni afisa anayejituma. Tatizo moja la wiki 9 lilikuwa limekatwa vipande 4 vidogo, na kila kipande kilikuwa kimeandikwa kimepona. Mimi ndiye niliyelikata. Ningeweza kuandika katika ombi la pili, “Hili ni lile lile, halijaisha,” na sikuandika, kwa sababu ningekuwa nakiri kwamba la kwanza sikulimaliza.

Aliyekuwa na hesabu sahihi alikuwa Mama peke yake. Kwenye daftari lake la mistari aliandika kila simu: tarehe, jina la aliyepokea, alichoahidiwa. Niliona daftari hilo mara ya kwanza katika ziara ya tatu. Nilijisikia vibaya, nikamwambia, “Mama, hata sisi tunaandika.” Akanitazama tu, hakunijibu.

Maneno yaliyopoa njiani

Katika wiki ya 5 nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba sakafu ya bafu la juu lazima ivunjwe. Nilimleta fundi mwenye uzoefu zaidi, akamwaga maji ya rangi, na kabla saa 2 hazijapita tone jekundu likajitokeza darini kwa Mama. Fundi akatoa makadirio: kuvunja vigae, kutengeneza kiungo cha bomba, kupaka kizuia maji, kuweka vigae vipya. Gharama ilivuka kiwango mara kadhaa. Ikabidi tumwandikie mwenye nyumba.

Nilipokuwa nachambua kisa hiki nilizipanga sentensi za wiki ile kwa mfuatano, na zimenifundisha kuliko kitu kingine chochote.

Mama alisema: “Maji yanadondoka. Nimeweka ndoo, na mjukuu wangu anakohoa.”

Mimi nilimwandikia bosi: “Kuna unyevu kwenye dari ya ghorofa ya tatu, chanzo kimethibitishwa kuwa bafu la ghorofa ya nne. Makadirio yameambatishwa.”

Bosi alimwandikia mwenye nyumba, katika aya ya nne ya taarifa ya mwezi, baada ya kodi, baada ya nyumba zilizo wazi, baada ya taka: “Matengenezo madogo ya bafu yanaendelea; tunapendekeza ukarabati zaidi utakapoona inafaa.”

Hakuna hata mmoja wetu aliyesema uongo. Ndoo imegeuka unyevu, unyevu umegeuka matengenezo madogo, na kikohozi cha mtoto kimepotelea njiani. Mimi niliondoa ndoo kwa sababu nilitaka nionekane ninalimudu jambo. Bosi aliondoa unyevu kwa sababu mwenye nyumba yule alikuwa na majengo mengine 2 kwetu na alikuwa ameanza kulalamikia gharama. Mwenye nyumba, ambaye ofisini tulimwita Mzee, alisoma alichopewa, akajibu kama mtu yeyote ambaye angejibu sentensi ile: “Pakeni rangi kwanza, mwaka ujao tutaangalia.”

Nilimwendea bosi kuomba ruhusa nimpigie Mzee simu. Akaniambia kwa upole, na sina sababu ya kumfanya mkatili, “Tusimsukume. Tukimpoteza huyu, nyie maafisa ndio mtakaopunguzwa.” Nikarudi kwenye kiti changu. Alikuwa anasema kweli kuhusu hesabu za kampuni, na mimi nilikuwa na mshahara mmoja tu.

Sikujua wakati huo kwamba kisheria tulikuwa tumekaa pabaya. Katika nchi nyingi zinazofuata mkondo wa sheria za Kiingereza, anachokijua wakala akiwa katika kazi aliyopewa huhesabiwa kwamba aliyemtuma anakijua pia. Kwa maneno mengine, siku Mama aliponiambia mimi, ilikuwa kama amemwambia Mzee. Na wakala ana wajibu wa kumpa mwenye mali habari zote muhimu zinazohusu mali yake. Kwa kumpoza Mzee tulidhani tunamtunza mteja. Tulikuwa tunamwachia mzigo asioujua, na sisi tukiwa tumekiuka sehemu ya kazi tuliyolipwa kuifanya.

Barua ya deni

Kuna siku moja katika wiki ya 7 ambayo bado naikumbuka hadi harufu ya ofisi.

Mama alilipa nusu ya kodi. Aliandika kwamba nusu nyingine ataitoa dari itakapotengenezwa. Ilikuwa hatua ya hatari kwake, kwani katika sehemu nyingi mpangaji anayezuia kodi bila kufuata utaratibu wa sheria anaweza kujikuta yeye ndiye mkosaji. Nadhani alilijua hilo. Nadhani alikuwa ameshagundua kwamba kodi ndiyo lugha pekee tuliyoisikia haraka.

Na ni kweli, tuliisikia haraka. Malalamiko yake ya wiki 7 hayakuwa yamemfikia mtu yeyote aliye juu ya bosi wangu. Nusu ya kodi iliyopungua ilionekana kwenye orodha asubuhi iliyofuata, na siku ya tatu programu ikatoa barua ya onyo la deni yenyewe, bila mtu kuiandika. Sahihi chini ilikuwa yangu. Kazi yangu ilikuwa kuipeleka.

Niliipeleka. Alifungua mlango, akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote akiwa amesimama chini ya lile duara la penseli, ambalo sasa lilikuwa katikati ya doa kubwa la rangi ya udongo. Kisha akaniuliza, “Hii umeandika wewe?”

Nikamjibu, “Hapana, Mama. Imetoka kwenye mashine.”

“Lakini jina ni lako.”

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza kazi ya hisia, yaani ile sehemu ya ajira ambayo mtu analipwa ili auongoze uso na moyo wake mbele ya mteja: mhudumu wa ndege atabasamu, mkusanya madeni awe mkali. Nilipokutana na wazo hilo nilitambua mlango ule. Afisa wa majengo anatakiwa awe vyote viwili kwa mtu yule yule. Jumanne ni mtu wa kumtuliza kuhusu dari, Ijumaa ni mtu wa kumtisha kuhusu kodi. Nilishindwa kuwa yeyote kati ya hao wawili. Nilisema samahani, nikashuka ngazi, nikakaa kwenye gari kwa muda kabla ya kuliwasha.

Usiku wa dari

Simu ya dharura ililia saa nane usiku, Jumamosi kuamkia Jumapili. Zamu ya wiki ile ilikuwa yangu.

Dari ya jipsamu ya unene wa kawaida, milimita 12.5, ikiwa kavu ina uzito wa takriban kilo 8 hadi 10 kwa mita moja ya mraba. Kila lita ya maji inayonyonywa au kutuama juu yake inaongeza kilo 1, na huku uzito ukipanda, ubao unalainika na kuachia misumari. Kwa hiyo haihitaji bomba kupasuka. Inatosha watu waoge kama kawaida kwa wiki kadhaa.

Kipande kilichoanguka kilikuwa kirefu kuliko mimi. Kiliangukia korido, mahali ambapo mjukuu hupita akienda chooni usiku. Hakuwa amepita. Mama alikuwa amekaa kitini, mtoto amemfunika shuka, taa zote zimezimwa, kwa sababu alikuwa na akili ya kushusha swichi kuu alipoona maji yanapita kwenye taa. Nilifanya yaliyobaki: nikahakikisha umeme umekatwa, nikapanda kuwaomba wa ghorofa ya nne wasitumie bafu, nikapiga picha, nikaanza kuzoa vipande kwa ndoo ile ile aliyokuwa anakingia maji.

Upande wa juu wa ubao ulikuwa mweusi kwa ukungu. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani linashauri vitu vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili ukungu usipate nafasi ya kuota. Sisi tulikuwa tumeupa wiki 9. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoonyesha kwamba wanaoishi katika majengo yenye unyevu na ukungu wana hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kupumua na ya pumu kuzidi. Siwezi kusema kikohozi cha mtoto yule kilitoka darini. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Naweza kusema kwamba bibi yake alikitaja katika simu 3, na katika maandishi yangu hakimo hata mara moja.

Wengine wamelipa zaidi. Huko Uingereza, mtoto wa miaka 2 alifariki mjini Rochdale Desemba 2020, na mwaka 2022 uchunguzi wa kifo chake ulithibitisha kwamba chanzo kilikuwa kuishi kwa muda mrefu katika nyumba yenye ukungu, ambao wazazi wake walikuwa wameulalamikia tena na tena kwa waliosimamia nyumba hiyo. Kutokana na kifo hicho sheria ya mwaka 2023 iliweka msingi wa muda maalumu wa kushughulikia hatari katika nyumba za kijamii England, yaani nyumba za kupangisha kwa bei nafuu, na masharti hayo yalianza kutumika Oktoba 2025. Hatari ya dharura hushughulikiwa ndani ya saa 24. Nilipousoma muda huo nilifikiria mstari wetu mwekundu wa siku 5, na jinsi ulivyokuwa rahisi kuuepuka.

Baada ya hapo

Ukarabati ulianza Jumatatu asubuhi, kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona. Kiungo cha bomba la maji machafu kilikuwa kimeachana kabisa chini ya vigae. Ukijumlisha dari, umeme, rangi, na mahali pa Mama kukaa kwa siku zile, Mzee alilipa karibu mara 4 ya makadirio aliyoyakataa. Alikuja ofisini mwenyewe. Swali lake lilikuwa moja: “Kwa nini hamkuniambia?” Bosi akamwonyesha aya ya nne. Mzee akaisoma mara mbili, akaiweka mezani. “Hapa pameandikwa matengenezo madogo.”

Siku 3 baadaye nilipewa barua ya onyo kwa “kutofuatilia ipasavyo.”

Nilikasirika sana, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nikae na karatasi. Niliandika majibu ya kurasa 5: kila simu, kila ziara, kila sentensi na jinsi ilivyobadilika. Niliweka makosa yangu pia, ombi lililofungwa kwa uongo likiwa la kwanza, kwa sababu nilijua nikiliacha nitakuwa nafanya lile lile la aya ya nne. Kwa tarehe nyingi nilitegemea daftari la Mama. Nilimwomba, akanipa bila kusita, na alikuwa ameongeza tarehe ya barua ya deni, na mbele yake ameandika jina langu na neno “samahani.” Aliiandika kwa sababu nilisema.

Kuna fungu moja katika majibu yale ambalo bado naliamini. Mkataba wetu wa usimamizi ulikuwa na kifungu cha dharura: kampuni ingeweza kuvuka kiwango cha matumizi bila ruhusa pale mali au maisha yanapokuwa hatarini. Kifungu kilikuwepo siku zote. Hakikusema dharura ni nini, wala nani anaitangaza. Kwa hiyo afisa aliyeiona dharura kwa macho hakuwa na mamlaka nayo, na mwenye mamlaka aliiona kupitia aya zangu zilizopoa. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayomuumiza mtu zaidi ni ile yenye madai mengi ikiwa na uhuru mdogo wa kuamua. Wingi wa kazi peke yake haueleweki bila hilo la pili. Nimefanya kazi za saa nyingi zaidi kabla na baada ya pale, na nikalala vizuri. Katika kazi ile nilikuwa naamka usiku kuhesabu madoa ya dari za watu.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wenzangu wanaosema kazi hii inataka tu ngozi ngumu. Niliowaona wakiwa na ngozi ngumu walikuwa wameacha kupanda ngazi kuangalia doa. Afisa anahitaji kiasi fulani cha fedha anachoweza kukitumia kwa sahihi yake mwenyewe, na orodha iliyoandikwa ya mambo ambayo ni dharura bila mjadala: maji karibu na umeme, harufu ya gesi, dari inayolegea, choo pekee cha nyumba kilichoziba, lifti iliyokwama na mtu ndani. Anahitaji pia haki ya kuzungumza na mwenye nyumba moja kwa moja mambo hayo yanapotokea. Hilo la mwisho ndilo kampuni hupinga zaidi, kwa hofu kwamba afisa ataondoka na mteja. Hofu hiyo naielewa, lakini nimeona gharama ya upande wa pili.

Onyo langu halikufutwa. Lakini miezi 2 baadaye mambo mawili yalibadilika ofisini. Ombi la matengenezo halikuweza tena kufungwa na afisa peke yake. Mpangaji alitumiwa ujumbe na kulithibitisha, na akilikataa linabaki na namba yake ya kwanza na siku zake zote. Na ile orodha ya dharura ikaandikwa, ikiwa na vitu vichache kuliko nilivyopendekeza. Katika wiki za kwanza ukurasa wa kila mtu ulikuwa mwekundu kutoka juu hadi chini. Bosi alishtuka. Mimi nilifarijika, maana kwa mara ya kwanza ulifanana na majengo tuliyokuwa tunayasimamia.

Nilibaki miezi 7 zaidi, kisha nikaomba kuacha kazi. Mama alikuwa bado anaishi pale. Dari mpya ilikuwa nyeupe, na kijana aliyechukua nafasi yangu hakuwa na sababu ya kujua kilichotokea chini yake. Kwenye faili la makabidhiano la jengo lile niliweka picha ya kwanza niliyopiga, ile yenye duara na tarehe, nikaandika chini yake namba za maombi yote 4 katika mstari mmoja, na namba ya simu ya Mzee.